Adabu za Kumtembelea Mkama Ndume

Chagua kwanza wa kwenda naye, maana hilo ni zito kuliko nauli. Huko Pujini, kilomita kama 10 kusini-mashariki ya Chake Chake kisiwani Pemba, kuna magofu ya boma la karne ya 15, la mtawala aitwaye Mkama Ndume, na ni machache sana ya aina yake katika pwani nzima ya Waswahili. Mtu asiyejua anachokitazama ataona vichaka, mawe na njia ya mbuzi. Kwa hiyo mwenye haraka muache nyumbani, hata akiwa shemeji yako. Atafika, atazunguka dakika tano mikono ikiwa kiunoni, kisha atauliza: "Ndiyo haya?" Swali hilo likishatoka, basi. Kila utakachomwonyesha baada yake ataona unajitetea.

Ukiweza, mchukue fundi mwashi. Fundi hachoki na ukuta. Atausogelea, atauinamia, atauliza chokaa waliichomea wapi na mchanga waliutoa pwani gani, na mkiondoka atakuwa bado anageuka nyuma. Kama huna fundi wa kumchukua, tafuta mtoto anayeuliza sana, au bibi ambaye bado anakumbuka hadithi za masultani na majini. Hao wanajua kukaa na kitu kisicho na haraka ya kusema.

Nawe mwenyewe, iache nyumbani ile picha ya ngome iliyomo kichwani mwako. Wengi wetu ngome tuijuayo ni Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au Ngome Kongwe ya Forodhani, Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatimua Wareno. Zile zina kuta nzima, mizinga, lango na mahali pa kukatia tiketi. Ukienda Pujini kutafuta lango la namna ile utazunguka mpaka jua likuchome utosi. Pujini inatazamwa chini. Kilichosimama ni kidogo. Kilicholala ndicho kingi: misingi, tuta la udongo, handaki lililofukika, kisima, ngazi za kushukia chini ya ardhi. Hapa mgeni hutembea shingo ameiinamisha, na ningependa kila anayekusudia kwenda alishike hilo kabla hajapanda boti ya Mkoani.

Usiende moja kwa moja. Pitia kwanza makumbusho ya Chake Chake, yaliyomo ndani ya mabaki ya ngome ya mji huo, ujionee mambo ya kale ya kisiwa kabla hujakanyaga vichaka vyake. Kama ni msomaji, fahamu kwamba Meja F. B. Pearce, aliyekuwa Mwakilishi Mkazi wa Uingereza Zanzibar, aliyaandika magofu ya Pemba katika kitabu chake cha mwaka 1920. Waliochimba kwa utaratibu wa kisasa ni watu waliokuja baadaye sana, wakiongozwa na mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, kuanzia miaka ya 1980. Mengi tunayoweza kuyasema leo kuhusu Pujini bila kubahatisha yametokana na mashimo yake.

Wakati wa kwenda una maana kubwa. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, Pemba hunyeshewa mvua ya kweli, na udongo wake ukilowa hukuchukua miguu yote miwili kwa pamoja. Nenda kiangazi, asubuhi, jua likiwa bado pembeni. Jua la pembeni ndilo taa ya mtazama magofu: vivuli vyake huonyesha tuta na msingi ambao saa sita mchana huwezi kabisa kuutambua. Ijumaa usiwasumbue watu karibu na sala, na Ramadhani chupa yako ya maji iwe ndani ya mkoba. Vaa suruali ndefu au gauni la kufunika miguu. Ni heshima kwa wenyeji, na pia ni kinga, kwa sababu vichakani kuna upupu, na upupu hauulizi umesoma mpaka wapi.

Ukibahatika kwenda msimu wa karafuu, utazikuta zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara na harufu yake itakufuata njia nzima. Usizipitishie gurudumu. Ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Na ukiwa unaitazama mikarafuu hiyo, kumbuka kwamba yote ni migeni kuliko boma unalolifuata. Karafuu zilienea visiwani katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Waomani. Mkama Ndume hakuwahi kuinusa Pemba hii tunayoinusa sisi. Pemba yake ilikuwa ya mpunga, na mpunga wa mabonde haya ulikuwa ukivuka bahari kwenda kulisha miji ya pwani. Ukitaka kujua mtu alipata wapi nguvu za kujenga boma, yatazame hayo mabonde ya kijani unayoyapita kabla hujafika.

Ukifika kijijini, usielekee kwenye magofu. Elekea kwa watu. Magofu hayana mlango, lakini yana wenyewe, na mgeni anayeonekana anapenya kichakani na kamera kabla ya kuamkia mtu atatazamwa kama mtafuta hazina. Ulizia kwa sheha. Ukimkosa, wapo wazee barazani.

"Assalaam alaykum. Shikamoo mzee."

"Wa alaykum salaam. Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

"Natoka Dar es Salaam, mzee wangu. Nimekuja kuomba kuyaona magofu ya Mkama Ndume."

"Magofu hayakimbii. Kaa kwanza."

Basi kaa. Watu wengi husikia neno hilo wakadhani wanacheleweshwa, wakatazama saa. Kumbe hapo ndipo ziara imeanza, kwa kuwa nusu ya boma hili haipo kichakani, ipo vinywani. Kahawa ikija, kunywa. Ukiulizwa habari za kwenu, toa habari kamili. Baadaye atainuka mjukuu mmoja kukupeleka, na huyo ndiye mwongozaji wako. Usimwambie kwamba ramani ya simu inatosha.

Utasimuliwa kwamba Mkama Ndume alikuwa mtawala mkali kupita kiasi. Wengine humtaja kwa jina la Muhammad bin Abdulrahman, na wapo wanaosema alianza kama mfanyabiashara na haramia wa baharini. Utasimuliwa kwamba waliomjengea boma aliwalazimisha wabebe mawe huku wakijiburuza kwa makalio, asitake kumwona mtu amesimama. Sikiliza yote bila kukatiza. Usiwe yule mgeni wa kudai ushahidi katikati ya simulizi, wala yule wa kwenda kuitangaza simulizi kama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa hospitali. Kijiji kimeutunza ukatili huo kwa zaidi ya miaka 500, na watu hawamkumbuki mtawala kwa muda wote huo bila sababu. Wamemkumbuka kwa mabega na migongo iliyobeba mawe. Majina ya waliobeba hatunayo, na mimi kila nikilifikiria boma hili nawafikiria wao kabla yake yeye.

Sasa twende kwenye tuta. Ukilifikia, panda taratibu, simama, uzungushe macho. Ulipo ni juu ya boma lenyewe: ukuta wa mawe na udongo ulioizunguka nyumba ya mtawala, nje yake kukiwa na handaki ambalo leo limejaa udongo na majani. Panapo mabaki ya ngazi zilizokuwa zikimpandisha mlinzi juu ya ukuta, pita pembeni, zimechoka. Kisha jiulize swali ambalo ndilo limewaleta wataalamu hapa kutoka mbali: kwa nini? Miji mingi ya mawe ya Waswahili wakati ule haikujengewa kinga nzito namna hii. Ilikuwa na misikiti, makaburi mazuri, majumba ya ghorofa, pengine na ukuta wa mji kama Gedi, lakini haya mahandaki na matuta ya kumzunguka mtu mmoja na jamaa zake ni jambo adimu.

Hapo ndipo mwenzako mmoja atakapojibu kwa kujiamini: "Kwa ajili ya Wareno." Mrekebishe kwa upole, kwa sababu kosa hili linasambaa kuliko magugu. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na Wareno mwaka 1505. Boma la Pujini ni la karne ya 15, na uchimbaji haukuonyesha kwamba lilisubiri meli za Ulaya ndipo lijengwe. Aliyelijenga alikuwa na hofu zake, na hofu hizo zilikuwa za humu humu: majirani, washindani wa biashara, labda hata raia wake waliochoka. Na tuta refu halizuii adui tu. Linamwambia kila anayepita ni nani mkubwa hapa. Sisi watu wa pwani tunapenda kusimulia historia yetu kana kwamba kila jambo kubwa lilisubiri mgeni atokee baharini. Pujini inatukatalia, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu tosha ya nauli.

Ukiwa bado juu, tafuta upande wa bahari. Bahari yenyewe huioni kwa ukaribu. Unachokiona ni njia ya maji, kijito cha kupwa na kujaa ambacho zamani vyombo vilikipandisha mpaka karibu na ukuta vikapakua shehena. Ukikuta maji yamekupwa, utaona tope na mikoko, na shemeji, ikiwa ulimchukua licha ya onyo langu, atasema hapa hapapiti hata ngalawa. Mwambie asubiri maji yajae. Mtawala aliyekuwa na bandari mlangoni hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kufanya biashara, na mwenye chombo aliyeingia humo hakuwa na pa kukimbilia bila yeye kuridhia. Simama hapo kwa muda wa kutosha kuwaza hayo mawili pamoja.

Kisha shuka uende kwenye kisima. Hapa mjukuu aliyekuleta ataanza kutabasamu kabla hujafika, kwa sababu anaijua hadithi na anajua wageni wanavyoipenda. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili, na wawili hao hawakuwa wakionana kwa wema. Akajenga ukuta wa kukigawa kisima. Mmoja alikuja na ndoo na kamba akateka kutoka juu. Mwingine alishuka kwa ngazi za chini kwa chini mpaka kwenye maji. Kila mmoja akateka bila kumwona mwenziwe. Kama umekwenda na mkeo, muulize maoni yake na unyamaze umsikilize mpaka mwisho. Wanaume wengi wakiisikia hadithi hii huona ujanja wa mume. Wanawake niliowahi kuwasikia wakiizungumza huuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wote ule asichimbe kisima cha pili.

Sasa sikiliza jambo la chini ya ardhi, maana hili ndilo kubwa kuliko yote Pujini, nalo ndilo wengi huondoka bila kulijua. Wachimbaji walikuta chumba kilichochimbwa chini, chenye ngazi za kukishukia, na ndani yake, kwenye lipu ya ukuta, umbo la siwa limechongwa likatokeza. Siwa unaijua: ile pembe kubwa ya kupulizwa, alama ya utawala katika miji yetu. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, siwa ya Lamu ni ya shaba, na zilipulizwa mtawala alipotawazwa na katika harusi na tohara za nasaba kubwa. Ni chombo cha kutangaza. Kazi yake ni kusikika na kuonekana na mji mzima.

Na hapa mtu ameichonga ukutani, chini ya ardhi, mahali ambapo hawaingii watu wengi na jua halifiki. Wataalamu wanakihesabu chumba hicho kuwa mahali pa ibada ya mizimu, ndani ya boma la mtawala Mwislamu. Usikimbilie kushangaa, wala usikimbilie kuhukumu. Mtu wa pwani aliyekulia karibu na mzee wa kusoma dua na mzee wa kufukiza ubani anaelewa kwamba mambo haya mawili yamekaa nyumba moja kwa muda mrefu, mara kwa amani na mara kwa ugomvi. Kinachonishika mimi ni ile siwa yenyewe. Kuna mtawala wa kuonyesha nguvu zake kwa tuta na handaki, kila mtu aone. Halafu kuna alama ile ile ya nguvu aliyoihifadhi chini, kwa ajili ya macho ambayo si ya watu. Sijui mahali pengine ambapo Mswahili wa karne ya 15 ametuachia moyo wake wazi namna hii. Palipo na shimo au ngazi ya kushukia, usishuke bila idhini ya anayekuongoza, na usiguse lipu kwa namna yoyote. Lipu ya chokaa iliyodumu karne tano inaweza kumalizwa na jasho la viganja vya wageni wa mwaka mmoja.

Ukikuta kipande cha ukuta kilicho wazi, piga magoti. Utaona mawe ya matumbawe ya kila ukubwa yametupwa ndani ya chokaa, hayakupangwa kwa mistari. Ndani ya chokaa mna chembe nyeusi. Huo ni mkaa. Matumbawe yalichomwa juu ya lundo la magogo, yakageuka unga mweupe, na chembe za kuni zilizobaki zikakorogwa humo humo zikaingia ukutani. Mti uliokatwa Pemba zama hizo bado uko mbele ya pua yako. Ukikuta msingi wa chumba, upime upana wake kwa hatua. Nyumba za mawe za Waswahili zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa kawaida visivyozidi mita 3 hivi, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko una kimo chake. Mtoto akishajua hilo, magofu yote ya pwani atayasoma kwa miguu: Kilwa, Gedi, Kaole, Tongoni.

Chini utaona vigae. Vingine vya vyungu vya kienyeji, vyenye michoro ya kukwaruzwa; pengine utabahatika kuona kimoja chenye mng'aro, kilichovuka bahari. Viache hapo hapo vilipo. Najua mkono unavyowasha, najua utasema ni kimoja tu na viko vingi. Kigae kilicho ardhini kinasema kilitupwa lini, na nani, pamoja na nini. Kigae kilicho juu ya kabati lako hakisemi kitu, na miaka michache baadaye mwanao atakitupa akidhani ni takataka. Mtu akikujia pembeni na ushanga au sarafu ya kuuza, mkatalie kwa heshima, maana ukinunua leo, kesho kuna atakayechimba.

Usiandike jina lako mahali popote. Ukikuta mzizi umeupasua ukuta, usijaribu kuung'oa, kwa kuwa mara nyingi ndio unaoushikilia. Waarifu wahusika wa mambo ya kale. Na ukikuta chetezo, kitambaa au chupa ya marashi, kama ilivyo kawaida katika magofu mengi ya pwani, pita kimya. Usivipige picha na usivitolee hotuba. Mtu fulani amekuja hapo na shida yake.

Unapoaga, rudi barazani ukatoe shukrani kwa mdomo, kisha mpe mjukuu aliyekuongoza chochote cha maana, mkononi na kwa faragha. Kijana anayeona kwamba kuyajua magofu ya kwao kunamletea heshima na chumvi ya mboga atayalinda vizuri kuliko kibao chochote cha onyo. Waambie pia ulichokipenda. Sema ni tuta, sema ni njia ya maji. Wazee hufurahi mgeni akitaja kitu kinachoonyesha kwamba alitazama.

Ikiwa unayo siku ya pili, elekea kaskazini mpaka Chwaka, karibu na Tumbe, kwa Haruni, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume na kwamba ukali alirithi. Kule kuna mabaki ya msikiti na makaburi, na mji wake ni wa zamani kuliko boma la baba: wanaakiolojia wameufuatilia tangu karne ya 11. Hapo karibu, Tumbe, kulikuwa na makazi mengine yaliyotangulia, ya karne ya 7 mpaka ya 10, ambayo juu ya ardhi hayakuacha ukuta hata mmoja. Chukua maji ya kutosha, beba kofia, mchukue yule fundi mwashi tena, na pita kwa sheha wa huko pia.